Usukani unaocheza na tumbo la mtoto

Mtu akisimama alfajiri kando ya barabara ya Masasi kwenda Newala, pale Chiungutwa, huyasikia madumu kabla hajaiona baiskeli. Madumu matupu yaliyofungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu hugongana kila gurudumu linapoingia kwenye korongo. Wakati wa kurudi yamejaa, hayagongani tena. Kinachosikika ni mlio mwingine, mdogo, wa chuma kukwaruza chuma, unaotoka mbele ya baiskeli.

Ni usukani unaocheza.

Chukua mfano wa nyumba moja, ambayo msomaji wa Masasi, Newala au Tandahimba hatashindwa kuitambua. Baiskeli ilinunuliwa na mjomba msimu wa korosho, malipo ya mnada yalipoingia. Ni baiskeli ya wote. Asubuhi inachota maji, mwezi wa kupuliza dawa inabeba mfuko wa salfa wa kilo 25 kwenda shamba, siku ya kliniki inambeba mama na mtoto mchanga. Lakini anayeiendesha kuliko wote ni kijana wa miaka 11. Akikaa kwenye siti miguu yake haifiki vizuri kwenye pedali, kwa hiyo huendesha akiwa amepitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu la fremu, mwili umekaa upande, tumbo likiwa karibu kabisa na usukani.

Kijana huyo ameshauzoea usukani wake. Anajua kwamba akiulalia unainama mbele, na akigonga jiwe unapinda kushoto. Ukipinda anashuka, analibana gurudumu la mbele kati ya magoti, anaunyoosha, anaendelea. Nyumbani nako wameuzoea. Wanauona kama mlango unaolia: unaudhi, lakini nani aliwahi kufa kwa mlango unaolia? Ukipelekwa kwa fundi, maagizo ni yale yale: "Kaza tu hiyo nati, fundi, nina haraka." Fundi anakaza. Baada ya siku 3 unacheza tena.

Siku moja kijana anaanguka. Si ajali ya kusimuliwa. Mwendo ni mdogo, mchanga ni mwingi, usukani unageuka, gurudumu la mbele linakaa upande, naye anaangukia ncha ya usukani. Anasimama, anajipangusa vumbi, anatazama kwanza madumu. Hajavunjika popote. Magoti yamechubuka kidogo. Akifika nyumbani hasemi kitu, kwa sababu dumu moja limemwagika na anaogopa kugombezwa. Jioni analalamika tumbo linauma.

Hapo ndipo nyumba nyingi hupotea njia. Tumbo la mtoto lina maelezo mengi kabla ya baiskeli: minyoo, maembe mabichi, malaria, uvivu wa kwenda shule. Bibi anashauri akandwe kwa maji ya moto. Mama anatafuta dawa ya maumivu iliyobaki kabatini. Hakuna aliyekosa huruma hapo. Wamekosa taarifa moja tu, ile ambayo mtoto ameificha.

Ndani ya tumbo

Ncha ya usukani ni bomba lenye upana wa karibu milimita 22. Mtoto anapoiangukia, uzito wake wote unakusanyika kwenye duara hilo dogo. Ukuta wa tumbo la mtoto ni mwembamba, misuli haijakomaa, na nyuma kuna uti wa mgongo usiosogea. Kilichomo katikati kinabanwa kama embe kati ya kidole na ukuta: kongosho, utumbo mwembamba, ini upande wa kulia, bandama upande wa kushoto. Ngozi inaweza isichanike kabisa. Pengine kinabaki kiduara chekundu tu, ambacho kesho yake kitakuwa cha bluu, na mtu asiyekitafuta hatakiona.

Madaktari wa watoto wanalijua jeraha hili kwa muda mrefu. Mwaka 1998 watafiti wa Philadelphia, Marekani, waliandika kulihusu katika jarida la Pediatrics na wakaziita sukani za baiskeli mikuki iliyofichika. Walichoeleza kinafanana sana na kuanguka kwa kijana wetu wa mfano: mtoto anapoteza mwelekeo, gurudumu la mbele linageuka na kukaa upande, naye anaangukia ncha ya usukani. Hakuhitajika gari wala mwendo mkali. Na ukubwa wa jeraha mara nyingi haukuonekana pale pale.

Kwa mikoa yenye malaria, kama Mtwara, kuna jambo la kuongeza. Bandama ya mtu aliyeugua malaria mara kwa mara huweza kuvimba hadi ikatokeza chini ya mbavu za kushoto, mahali ambapo mbavu haziilindi. Bandama iliyovimba hupasuka kwa pigo dogo kuliko ile ya kawaida. Na kuna mtego mwingine: mtoto huyo akipelekwa zahanati akapimwa malaria, anaweza kweli akakutwa nayo. Kipimo hakikudanganya, ila hakikuulizwa swali la baiskeli. Anapewa dawa ya malaria, anarudi nyumbani, damu inaendelea kuvuja ndani.

Kwa hiyo mzazi anayeambiwa tumbo linauma, na nyumbani kuna baiskeli, aulize kwa upole kama mtoto ameanguka, na amwambie mapema kwamba dumu lililomwagika si kesi. Kisha amvue shati atazame kuanzia kifuani hadi kwenye nyonga. Ncha ya usukani ikichoma kwenye kinena inaweza kujeruhi mshipa mkubwa wa damu unaoelekea mguuni, hivyo asiishie kitovuni.

Dalili za kumwondoa mtoto nyumbani bila kusubiri asubuhi ni maumivu ya tumbo yasiyopungua au yanayozidi, tumbo kuwa gumu au kuvimba, kutapika, kupauka midomo na viganja, jasho la baridi, mapigo ya moyo kwenda mbio, kizunguzungu akisimama, na mkojo wenye damu. Kuna moja inayowashangaza wengi: maumivu kwenye bega la kushoto wakati bega lenyewe halikuguswa. Damu inayotoka kwenye bandama huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mwili huyasikia maumivu hayo begani. Jeraha la kongosho au la utumbo lina tabia ya kupumbaza. Mtoto anaweza kupata nafuu siku ya kwanza, akala, akacheza, kisha siku ya pili au ya tatu maumivu yakarudi na homa na kutapika.

Asikandwe tumbo. Kukanda ni jambo la upendo katika nyumba zetu, lakini kwenye bandama iliyochanika kunaweza kuongeza damu. Asipewe chakula wala kinywaji wakati anapelekwa hospitali, maana huenda akahitaji upasuaji. Asipewe aspirini au diklofenaki, ambazo huzuia damu isigande vizuri. Kama amekwisha kupewa dawa yoyote, ya dukani au ya mizizi, mtoa huduma aambiwe jina lake bila aibu. Na akifika, maneno ya kwanza yasiwe "tumbo linamuuma" bali "usukani wa baiskeli umemchoma tumboni". Sentensi hiyo hubadilisha vipimo atakavyofanyiwa, ikiwemo kipimo cha picha cha tumbo pale kinapopatikana. Kutoka Chiungutwa safari ya rufaa huelekea Mkomaindo mjini Masasi, Newala au Ndanda, na familia inayojua mapema ni bodaboda gani itampeleka usiku imeokoa muda ambao hauwezi kununuliwa baadaye. Mgonjwa wa aina hii akibebwa kwa pikipiki, mtu mzima akae nyuma yake amshike, na dereva aende polepole kwenye makorongo.

Unacheza wapi?

Usukani unaocheza hauna ugonjwa mmoja, na ndiyo maana "kaza nati" haitoshi. Kuna sehemu mbili zinazoweza kuteleza, na kila moja ina tiba yake.

Njia ya kuzitenganisha ni rahisi. Mtu mzima asimame mbele ya baiskeli, alibane gurudumu la mbele kati ya magoti, ashike usukani pande zote mbili na aujaribu kuuzungusha kulia na kushoto. Ukigeuka huku gurudumu limetulia, kinachoteleza ni shingo, yaani kile kipande cha chuma kinachoshuka kutoka kwenye usukani na kuingia ndani ya bomba la foku, ule uma unaoshika gurudumu. Halafu asimame pembeni, aweke viganja kwenye gripu na akandamize kwenda chini kwa uzito wake. Usukani ukiinama kwa kujizungusha kama mtu anayekunja mkono, kinachoteleza ni bano la mbele ya shingo, pale usukani unapopita katikati.

Kwenye baiskeli kubwa nyeusi za breki za vyuma, kama Phoenix, usukani na shingo kwa kawaida vimeunganishwa kiwandani kuwa kitu kimoja. Hizo haziteleli kwenye bano kwa sababu bano halipo. Zikicheza, zinacheza ndani ya bomba. Baiskeli za gia na breki za waya zina vyote viwili, na mara nyingi huanza kusumbua kwenye bano.

Tuseme ni bomba. Ndani ya shingo kuna bolti ndefu inayoshuka hadi chini, na mwisho wake kuna kipande cha chuma kilichokatwa mshazari, au chenye umbo la koni. Bolti ikikazwa, kipande hicho huvutwa juu na kuibana shingo kwenye ukuta wa bomba. Bolti ikikazwa bila usukani kushika, ama thredi zimeliwa, ama kipande kimepinda au kimegandana na kutu, ama shingo si ya baiskeli hiyo. Hilo la mwisho ni la kawaida kwa baiskeli zilizounganishwa kwa vipuri vya mtumba. Shingo nyingi zina upana wa milimita 22.2, lakini zipo za milimita 21.1. Tofauti ni milimita 1.1 tu, na jicho haliioni. Shingo nyembamba kwenye bomba pana inaweza kushika dukani, ikaachia kwenye mteremko.

Dawa ni kuifungua yote. Bolti ilegezwe mizunguko michache, kichwa chake kigongwe kidogo kwa nyundo juu ya kipande cha mti ili koni iachie, kisha shingo ivutwe. Kutu isuguliwe, bolti iliyochoka itupwe, grisi kidogo ipakwe kwenye thredi na kwenye koni. Hata sehemu ya shingo inayoingia bombani ipakwe grisi nyembamba, isije ikagandana kwa mvua za masika, kwa kuwa kinachoishika pale ni koni inayopanua, na grisi hiyo haiizuii. Wakati wa kurudisha, itazamwe alama iliyochongwa kwenye shingo. Alama hiyo lazima izame ndani ya bomba. Kama imefutika, shingo iingie si chini ya sentimita 6. Baba mrefu anayependa usukani juu huwa anaivuta shingo hadi alama ionekane, na hapo baiskeli imebakiza sentimita chache tu za chuma kushikilia kila kitu.

Bano ni hadithi ndefu zaidi, na ndiko makosa mengi yanakofanyika.

Bano hushika kwa msuguano. Chuma kimezunguka chuma, bolti inavuta midomo miwili ya bano isogeleane, na usukani unabanwa. Chochote kinachopunguza msuguano huo kinauachia. Cha kwanza ni mafuta. Mtoto anaosha baiskeli Jumamosi, anaipaka mafuta ing'ae, na mafuta yanaingia kwenye bano. Kwa hiyo kabla ya kukaza chochote, bano lifunguliwe, usukani utolewe au usogezwe pembeni, na sehemu zote mbili zioshwe kwa sabuni ya unga na maji moto, zikauke kabisa. Petroli inaosha vizuri, lakini inashika moto na haifai kuwa mikononi mwa watoto, na sabuni inatosha. Kisha msasa upitishwe kidogo ndani ya bano na kwenye sehemu ya katikati ya usukani ili kuondoa kutu na utelezi. Kidogo tu. Anayesugua hadi chuma kipungue ameongeza nafasi aliyokuwa anataka kuiziba.

Grisi kwenye bano, hapana. Grisi kwenye thredi za bolti ya bano, ndiyo. Mafundi wachanga huchanganya hizi mbili. Bolti kavu yenye kutu hukataa kuzunguka kabla haijabana, fundi anahisi imekaza kumbe nguvu zote zimeishia kwenye kutu. Ikipakwa grisi, nguvu zile zile hufika kwenye bano.

Cha pili ni ule uwazi kati ya midomo ya bano. Fundi akishakaza, mzazi ainame atazame. Lazima uwazi ubaki, hata kama ni wa unene wa shilingi. Midomo ikikutana chuma kwa chuma, hakuna nguvu itakayoongeza kubana. Spana ndefu zaidi itakata bolti au kupasua bano, basi. Midomo iliyokutana ina maana kwamba bano limepanuka, usukani umeliwa, au vipande hivyo havikuumbwa kukaa pamoja. Sukani nyingi za baiskeli za gia zina milimita 25.4 katikati. Zile za baiskeli za mashindano zilizoinama huwa na milimita 26.0. Nyingine, hasa za baiskeli ndogo za watoto, zina milimita 22.2. Usukani wa 25.4 kwenye bano la 26.0 utaingia vizuri, utakazwa, na utateleza. Kwenye mitumba mtu hanunui kwa macho. Aende na shingo yake mkononi, ajaribu, au fundi apime kwa kipimo cha chuma.

Na kopo la soda? Ndiyo, linafanya kazi, kwa mipaka. Ukanda uliokatwa kwenye kopo la alumini una unene wa karibu milimita 0.1, hivyo ukiuzungushia usukani mara moja unaongeza upana kwa milimita 0.2. Kwa bano lililolegea kidogo kwa uzee, mzunguko mmoja safi, uliokatwa kwa upana sawa na bano na ambao kingo zake hazipandani, unashika kweli. Mafundi wanaoufanya hawastahili kuchekwa. Lakini anayehitaji mizunguko 3 au 4 anajaribu kuoanisha vitu visivyooana, na makopo hayo yatajikunja na kuchomoka kwenye makorongo. Mpira wa tyubu nao usiwekwe. Siku ya kwanza unaonekana kushika kuliko chuma, kisha unabonyea, unasagika, na usukani unaanza kucheza vibaya kuliko mwanzo.

Kuna tiba mbili ambazo mzazi azikatae hata zikiwa bure. Moja ni kutoboa tundu kupitia bano na usukani kisha kupigilia msumari. Usukani hautateleza tena, ni kweli. Lakini tundu hilo liko mahali ambapo usukani unapokea mzigo mkubwa kuliko popote, na ufa utaanzia hapo. Usukani unaoteleza hutoa taarifa kwa mlio. Uliotobolewa hukatika kimya, mara moja, katikati ya mteremko. Nyingine ni kuchomelea. Bomba la usukani ni jembamba, moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma pembeni ya mshono, na usukani wa alumini hauchomelewi kwa mashine ya kawaida ya mtaani. Isitoshe, usukani uliochomelewa hauwezi tena kushushwa kwa ajili ya mtoto wala kubadilishwa ukipinda. Ufa wowote kwenye bano, hata wa unywele, ni mwisho wa shingo hiyo. Inunuliwe nyingine.

Mzigo

Fundi anaweza kufanya kila kitu sawa na usukani ukalegea tena kwa sababu ya namna baiskeli inavyotumika. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Wanaoninginiza dumu moja kila upande wa usukani wameupa bano kilo 40, na kila shimo huzidisha uzito huo kwa pigo. Usukani haukutengenezwa kubeba. Madumu yakae kwenye keria, yaliyo mazito yawe chini na karibu na fremu, yafungwe yasihame.

Nyanda za juu za Makonde zina tabia yake ambayo wakazi wanaijua miguuni: maji ya mvua huzama kwenye mchanga, chemchemi huwa chini pembezoni mwa miinuko, watu huishi juu. Baiskeli huteremka tupu na kupanda imejaa. Wakati wa kupanda hakuna anayeendesha. Mtu anasukuma, na anasukuma kwa kuuegemea usukani. Huo ni mkunjo mkubwa kwa shingo. Anayesukuma mzigo mzito aweke mkono mmoja kwenye usukani wa kuongoza, na mwingine kwenye siti au keria, ndiko nguvu itoke. Wazee waliozoea Swala na Phoenix husukuma hivyo bila kufundishwa. Watoto huning'inia kwenye usukani kwa mikono miwili kwa sababu siti iko juu mno kwao, na mtoto ambaye hafiki kwenye siti wala keria kwa mkono ulionyooka amepewa mzigo usio wake. Dumu moja badala ya matatu. Hili halihitaji fundi.

Usukani ukianza kuteleza njiani, kuendesha kuishie hapo. Kwenye baiskeli ya waya, usukani ukizunguka kwenye bano, vishikio vya breki navyo huzunguka na vidole havivifikii. Kwenye ile ya breki za vyuma, shingo ikishuka au kupinda, vyuma vya breki hutoka kwenye kipimo. Kwa hiyo anayeendelea kuendesha amepoteza usukani na breki kwa pamoja, na mteremko bado upo.

Imebaki ncha. Gripu zikichakaa hutoboka mwisho, bomba likatokeza, na bomba lililo wazi hukata nyama kama kikatio cha maandazi. Gripu mpya zenye mwisho uliofungwa ndizo bora. Zikikosekana, bomba lizibwe: kipande cha kandambili nzee kilichokatwa duara na kusukumwa ndani kwa nguvu hukaa miezi. Gunzi la mahindi hutosha kwa wiki, hadi mvua ilioze. Kizibo hakitazuia pigo la tumbo, lakini huzuia lile duara kukata ngozi na kuingia. Baiskeli inayoendeshwa na mtoto izibwe ncha zote mbili, hata kama huwa anaangukia upande mmoja tu.

Kwa fundi, kabla ya kulipa, jaribio lile la magoti na lile la viganja yarudiwe mbele yake, na mtu mzima mzito kuliko wote waliopo ndiye akandamize. Kisha mtoto mwenyewe afundishwe kulifanya, kila asubuhi kabla ya madumu kufungwa, na aambiwe kwamba usukani ukigeuka siku hiyo maji yataletwa kwa kichwa, au yatasubiri.